Kwa Nini Sitamwomba Radhi Mjomba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vyema, goti limepunguza ghadhabu, na Baba hatimaye amekubali kuvaa miwani yake badala ya kuitafuta. Sisi huku tunaendelea. Kwamba tuko wazima kabisa sitasema, na sababu utaiona mbele.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Unanisihi nimwendee Mjomba, nipige magoti, niseme ulimi uliteleza. Unanikumbusha kwamba ndiye kaka yako pekee, ndiye aliyenitafutia kazi, na kwamba wakati mwingine mtu hufunika kombe mwanaharamu apite. Mama, nakuheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai, na kwa heshima hiyo hiyo nakujibu mapema, usije ukasumbuka kulitafuta jibu kurasa zote: sitamwomba radhi. Ulimi wangu haukuteleza. Ulikwenda pale pale nilipoutuma.

Najua umesimuliwa na upande mmoja. Sasa nisikilize na mimi.

Kazi yangu katika ofisi ya elimu ya wilaya ni kuwaandikia wazazi. Chumba changu kiko mwisho wa ukumbi, kimepakana na mashine ya kurudufu, na kutwa kinanuka wino na karatasi za moto. Shule zinafungwa lini, soksi ziwe za rangi gani, nani kashinda mbio za kijiti: yote hayo yalipita mikononi mwangu yakaingia kwenye simu za wazazi. Nilijivunia. Sokoni wanawake walinisimamisha, wakaniita Mama Ujumbe, wakaniuliza kama kesho kuna shule, nami niliwajibu kama mtu anayeulizwa habari za nyumbani kwake.

Mjomba, kama ujuavyo, ndiye mkuu wa ofisi. Asipokuwepo, wafanyakazi humwita Bwana Tusubiri, maana hakuna jambo lililowahi kufika mezani kwake likakosa kuambiwa lisubiri. Asubuhi moja aliniletea mwenyewe ujumbe wa kutuma, na hiyo si kawaida yake. Shule ya msingi iliyo nyuma ya ghala la mbao itakuwa na mashindano yaitwayo Chupa Yangu. Kila mtoto aje na chupa ya maji kutoka nyumbani, aipambe, na itakayopendeza kuliko zote itapata zawadi. Niliupenda ujumbe ule. Niliongeza hata utani kidogo, nikautuma.

Baadaye nikaenda shuleni kupiga picha za chupa. Zilipangwa juu ya madawati, zimebandikwa vifungo, manyoya ya kuku na karatasi za peremende. Nje, bombani, watoto walikuwa kwenye foleni wakikinga maji kwa viganja. Wengine ni wale ambao hawakupewa chupa nyumbani. Wengine chupa zao zilikuwa ndani zikisubiri majaji. Kando ya tangi alichuchumaa fundi wa maji. Nilimsalimia, naye akaniuliza wazazi wameipokeaje ile habari. Nikamuuliza habari gani. Akaniambia tangi la chini ya ardhi limepasuka upande wa vyoo, uchafu unapenya ndani, maji yamepimwa yakaonekana hayafai hata kuoshea miguu, na kwamba Mjomba aliyajua yote hayo kabla ya mashindano. Yeye alidhani mimi nimeshawaambia wazazi. Nani mwingine angewaambia?

Hapo ndipo nilipofahamu mashindano yalikuwa ya nini, Mama. Tulipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe tukaambiwa tuje nayo.

Nilirudi ofisini moja kwa moja. Mjomba hakukana. Alifunga mlango, akanimiminia chai, akanieleza taratibu kwa sauti ile ile aliyonifundishia kuendesha baiskeli. Alisema tangi jipya limeshaombwa, likizo iko karibu, na wazazi wakiambiwa watawatoa watoto wote, shule itafungwa na pengine isifunguliwe tena. Mwenye chupa yuko salama, akasema. Lengo limefikiwa bila kuzua taharuki. Nilimwambia nimetoka kuwaona wasio na chupa. Akakoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Mzazi haambiwi kila kitu, mwanangu," akasema. "Anaambiwa kinachomtosha."

Nikamuuliza ni nani aliyempimia mzazi huyo kikombe chake. Akanijibu tusubiri.

Hatukusubiri sana. Watoto walianza kuharisha na kutapika, kwanza mmoja mmoja, kisha madawati yakawa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Katika wodi ya watoto nilimkuta fundi cherehani wa mtaa wetu ameketi kwenye benchi, binti yake kalala na dripu mkononi, midomo imepasuka kwa kukauka. Nilimpa pole. Lakini pole peke yake haikutosha, nikamweleza na sababu. Hakupiga kelele. Aliushika uzi uliokuwa umening'inia kwenye sketi yake, akauvuta mpaka ukakatika.

"Mliniambia mashindano," akasema. "Nikamwambia mwanangu mashindano tutayaacha mwaka huu. Mngeniambia maji ni mabaya, chupa ningeifuata hata kuzimu."

Maneno hayo nililala nayo, nikaamka nayo.

Watu walipoanza kunong'ona, Mjomba aliitisha mkutano wa wazazi, akanikabidhi taarifa ya kusoma. Ilisema haya ni maradhi ya tumbo ya msimu, na wazazi wawahimize watoto kunawa mikono. Kunawa mikono, Mama, kwa maji yale yale. Kabla hatujaingia nilimvuta kando, nikamwambia taarifa hii siisomi, na kwamba asiposema kweli yeye, nitaisema mimi. Alinipiga bega akacheka. Alidhani bado ni yule mtoto wa baiskeli.

Wazazi walijazana darasani, magoti yakikaribia videvu kwenye viti vya watoto, wengine wakining'inia madirishani. Mjomba aliketi mbele pamoja na mwalimu mkuu. Nilisimama, nikaikunja ile karatasi.

"Maji ya shule hii yameingiwa na uchafu wa vyoo," nikasema. "Ofisi yetu ilijua kabla ya mashindano ya chupa. Mtoto wako akiharisha, mpeleke hospitali leo, na umwambie daktari alikunywa maji ya tangi."

Ilinibidi nirudie, kwa sababu mara ya kwanza watu walikuwa bado wanangoja salamu.

Mjomba aliinuka, akawaambia nimechoka, nipumzishwe. Sikuketi. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa dirishani akamuuliza swali moja tu: ni kweli au si kweli. Mjomba akasema jambo hilo linahitaji muda. Darasa zima likacheka, Mama, kicheko kisicho na furaha hata chembe. Mwalimu mkuu ndiye aliyejibu, bila kuinua uso, kwamba ni kweli.

Siku hiyo hiyo bomba lilifungwa kwa waya. Watoto waliokuwa wakitibiwa majumbani kwa kubahatisha walikimbizwa hospitali, na binti wa fundi cherehani keshatoka. Shule haikufungwa. Wazazi hawakukimbia kama Mjomba alivyoogopa. Walikuja na majembe na mifuko ya saruji, na dereva yule analeta maji safi kila asubuhi. Aliyefungiwa ni mimi. Nimesimamishwa kazi, na nimeitwa mbele ya kamati nijibu kosa la kutoa siri za ofisi. Nitakwenda. Fundi cherehani ananishonea gauni la siku hiyo. Anasema mtu hasutwi akiwa amevaa kitambaa kilichochoka.

Nitawaambia kwamba faili la mwalimu ni siri ya ofisi. Kilichomo tumboni mwa mtoto ni habari ya mzazi wake, na aambiwe mapema, kwa maneno anayoyaelewa, hata kama yanaiaibisha ofisi. Hasa yakiiaibisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huku kwetu mfichaji alikuwa mmoja na wa kuumbuliwa wakawa watoto wa wenzake.

Sasa liko jambo ambalo sikulisema mkutanini, wala kwa Baba kwenye simu. Jikaze, Mama. Kitanda cha pili kutoka kwa binti wa fundi cherehani kilikuwa cha mjukuu wako. Zile siku nilizokwambia yuko kambi ya michezo, alikuwa amelazwa, mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Chupa yake aliichora treni, akaogopa rangi isije ikatoka kabla ya majaji kuiona, akawa anakunywa bombani. Nilipozungumza na fundi wa maji, yeye alikuwa keshakunywa.

Mjomba alikuja kumwona, akaleta machungwa. Daktari alipouliza mtoto kala nini, Mjomba aliwahi kujibu, akasema vitafunwa vya barabarani. Alisema hivyo ameushika mguu wa mtoto juu ya shuka, kwa upendo, na najua anampenda. Nilimgeukia daktari nikamwambia ni maji.

Mkutanini nililinyamazia ili mtu asije akasema ni uchungu wa mama tu unaopayuka. Kwako nililificha nikijiambia utashtuka, presha itapanda, tusubiri kwanza. Kisha nikajisikia nikisema kwa sauti ya kaka yako. Basi nimeacha. Wewe ni bibi yake, na haya ni ya kwako kuyajua: aliumwa sana, tuliogopa, sasa anakula, anagombana, na jana amevunja kioo cha jirani.

Mpende kaka yako, sikukatazi. Mpikie, mwombee, mtetee mbele za watu kama moyo unakutuma. Ila usimpelekee radhi yangu, maana sina niliyoiandaa. Akitaka kuja, mlango anaujua. Aje aketi na mtoto, amweleze kwa kinywa chake mwenyewe kilichokuwa ndani ya maji yale na kwa nini hakusema. Siku hiyo nitampokea begi, nitamwita Mjomba, nitamwekea kiti.

Nisalimie Baba, Shangazi, na wote watakaouliza habari zangu; wasiouliza pia waambie. Mjukuu wako anakuamkia, na anakuomba uje kabla hajavunja kioo kingine.

Ni mimi, mtiifu kwako katika mengine yote,

Binti yako wa mwisho