Diski ya Mama na Maboksi Matatu

Mpemba, Tunduma,
18 Agosti 2024.

Mpendwa mdogo wangu Andongwisye,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia wewe, mkeo na wakazi wote wa Mtwara kwamba dada yenu Roda, baada ya mashauriano mazito na vikao visivyo na chai, amenunua boksi la kuvalishia diski ya kompyuta. Sherehe ilihudhuriwa na shemeji Gwakisa pamoja na miguu yangu iliyovimba.

Hamjambo lakini? Joto la huko linawaachia mlale? Mgongo wa mkeo Diana vipi, na mwanenu Jofrey ameacha kuogopa kuvuka barabara ya shule? Sisi tupo. Upepo wa Agosti umeanza, vumbi la malori linaingia hadi kwenye sufuria. Mimi ni mzima, nimeongezeka kidogo tu, yaani magauni yamepungua. Baba huko Igamba ni mzima isipokuwa macho. Siku hizi anatutambua kwa kikohozi.

Sasa nianze kukukasirikia, maana nimejizuia vya kutosha.

Unajua kompyuta ya ofisini kwangu iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Fundi alichomoa diski akasema yenyewe haina shida, ninunue tu boksi lake niichomeke kwenye kompyuta nyingine. Na unajua kilichomo ndani: ile video uliyompiga mama jikoni, anachambua maharage huku anaimba wimbo wa kwaya kwa Kinyiha, kisha anakatisha wimbo kuwafokea kuku. Nakala nyingine hatuna. Baba ameomba jambo moja tu kwa siku ya kujengea kaburi la mama: asikie ile sauti. Kumwona hawezi tena, hata picha ukimwekea puani.

Nikauliza kwenye kundi letu la familia, ninunue boksi gani? Wewe, msomi wetu, ukajibu kwa maneno matatu: zote ni sawa. Andongwisye, si sawa. Ningekuwa karibu ningekufinya.

La kwanza nililipenda kwa uzuri wake. Jembamba, jeusi, linang'aa. Kumbe ni la diski ndogo za laptopu, na ya kwetu ni nene kama Biblia ya mchungaji. Niliisukuma nikageuza, nikasukuma tena, kama navaa gauni la harusi yangu leo hii. Rubeni akaniambia niache kabla sijavunja kitu. Mume wangu ana akili, ila huwa zinachelewa kufika.

La pili liliingia vizuri. Nikachomeka waya kwenye kompyuta, diski ikalia tik, tik, ikanyamaza. Kumbe diski kubwa hazitosheki na umeme wa ule waya. Zinataka adapta yake ya ukutani, na muuzaji aliitoa kwenye kifurushi akaiuza peke yake. Nikarudi dukani. Alinionyesha kwa kidole maandishi ukutani kwamba mali ikitoka hairudi, halafu akaendelea kula karanga. Nilitukana, mdogo wangu. Mimi mzee wa kanisa nilitukana pale mbele ya watu, na mpaka leo sijatubu kwa moyo wote.

Ndipo Gwakisa, mdogo wake Rubeni, akajitolea. Unamjua, hajawahi kuulizwa kitu akasema sijui. Alisema maboksi ni ya washamba, tununue doki. Ni kitu cha mezani chenye matundu mawili juu, unasimamisha diski mle bila kufungua skrubu, adapta yake imo. Nilimwambia tuna diski moja, tundu la pili la nini? Akasema la akiba. Nikaona ana maneno.

Basi, wasalimie wote. Mwambie Diana kanga zake zimefika kwa mama yake. Dada Fortunata anakusalimu, na Tukuswiga anasema ulimwahidi viatu.

Nilitaka nifungie hapo. Kwenye kundi niliandika kwamba diski ilikuwa ya zamani, ikafa yenyewe. Mkanipa pole wote. Haikufa yenyewe.

Unajua huku kwetu hakuna anayebeba kifaa cha umeme hadi kijaribiwe dukani, tena mpaka mwisho. Yule wa karanga alikuwa amenifundisha, nikaapa sitatoka dukani na kitu ambacho sijakiona kikifanya kila kazi yake. Muuzaji huyu wa tatu, kijana mpole ananiita bamayo kama Wazambia wanavyoita mama zao, akachomeka diski yetu tundu moja. Ili tuone na tundu la pili ni zima, akaweka diski yake tupu. Taa zikawaka. Gwakisa akauliza kile kitufe cha mbele ni cha nini. Kijana akasema cha kunakili, diski moja inahamia yote kwenye nyingine.

Gwakisa akasema, "Bonyeza, shemeji asije akatuletea malalamiko kesho."

Nami nikasema, "Bonyeza, na usikizime hadi kimalize."

Hakuna aliyeuliza ipi inatoa na ipi inapokea. Tukaenda kula ndizi na nyama. Tuliporudi taa zote zilikuwa zimefika mwisho, nikashangilia, nikampa kijana mkono. Ya kwetu ndiyo iliyokuwa inapokea. Utupu wa diski ya kijana ulikuwa umehamia kwenye ya kwetu yote, na sauti ya mama ikafutika. Mafundi wawili wameangalia, wote wametikisa kichwa.

Nimemkasirikia Gwakisa hadi salamu nampa kwa mkono wa kushoto. Kijana wa watu nimemkasirikia. Wewe pia, na lile jibu lako la zote ni sawa. Lakini Jumapili iliyopita nilimchukua Gwakisa tukaenda Igamba, nikamweleza baba yote, pamoja na lile neno bonyeza nililosema. Hakunifokea. Alimwambia Gwakisa asiguse redio yake maisha. Kisha akauliza kama wewe umeambiwa. Nikasema bado, nitakupigia jioni.

Akasema, "Usimpigie, ataanza kukubembeleza. Mwandikie, asome mwenyewe mlichofanya."

Mungu akulinde, mdogo wangu, na akupe ruhusa kazini uje kabla ya siku ya kujengea kaburi.

Dada yako akupendaye, hasira na yote,

Roda