Bwana Kesho na Deki ya Blurei

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, gunia zima, na kama hazitoshi niambie niongeze, maana salamu ndicho kitu pekee ambacho sijawahi kuishiwa. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika kidogo lakini bado haujaacha kazi. Wasiwasi wangu uko kwenu. Goti la shemeji linaendeleaje? Mwambie aache kulikanda mwenyewe kwa nguvu, goti si unga. Na wapwa zangu je? Yule mkubwa bado anajipapasa kidevu akitafuta ndevu? Wabusu wote, na wakiuliza busu limetoka wapi, waambie limetoka kwa mjomba wao, mtu wa juu kabisa katika mji huu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikakaa nikaisoma tena. Umesema shemeji amesikia redioni habari za diski mpya za sinema, na tangu siku hiyo anaitazama deki yenu kama mgeni aliyekaa mno. Yeye anataka kuiuza anunue mpya, wewe unasema ya zamani haijamkosea mtu, na mmebishana mpaka mkakubaliana mniulize mimi. Dada, mmebisha hodi penyewe. Shule ni kweli niliiacha njiani, lakini kwenye mambo ya deki na diski, hata aliyezitengeneza akipotea atakuja kuniuliza njia.

Basi msomee shemeji taratibu, asije akajifanya alikuwa anajua. Diski hizo zinaitwa blurei. Ukiiweka moja pembeni ya zile mlizo nazo utadhani ni mapacha, duara ni lile lile, na tundu la katikati lile lile. Tofauti iko kwenye mwanga. Deki yenu inasoma diski kwa mwanga mwekundu, hii mpya inasoma kwa mwanga wa buluu, mwembamba zaidi, kwa hiyo kwenye diski ile ile wanabana picha nyingi zaidi. Ukiitia blurei kwenye deki ya zamani itazunguka, itakohoa, halafu itaitema. Lakini deki mpya inazisoma zote mbili, kwa hiyo sinema nilizowatumia hazitakwenda jalalani. Na picha yenyewe, dada! Unaona mpaka vinyweleo vya pua ya mwigizaji. Kuna mmoja nilimpenda tangu ujana wangu. Nimemwona kwa blurei, tumeachana.

Ila kuna jambo ambalo redio haikumwambia shemeji. Televisheni yenu ni ya chogo, ile yenye mgongo mnene kwa nyuma, na picha hiyo haiiwezi. Mkiiunganisha na deki ya blurei itakuwa kama kumvalisha miwani mtu aliyefumba macho. Akitaka deki, basi na televisheni nayo abadilishe, anunue ile bapa.

Utauliza haya nimeyajulia wapi. Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Nasafisha vioo vya maghorofa kwa nje. Naning'inia kwa kamba, ndoo kiunoni, brashi mkono huu, mpira wa kukaushia mkono ule, na tajiri yeyote akitaka kuniona lazima ainue shingo. Tuko wawili, mwenzangu kamba ya kulia, mimi ya kushoto. Msimamizi yuko chini na kipaza sauti chake. Jina langu hajawahi kulihitaji. Akitaka kunigombeza hupiga kelele, "Kushoto! Umelala?" Siku moja, ghorofa ya nane, nikajikuta mbele ya sebule yenye televisheni bapa, kubwa kama mlango wa gereji, inaonyesha samaki wa baharini. Familia nzima imebanana kwenye kochi moja. Sauti siisikii, lakini magamba ya samaki nayaona moja moja. Nikasahau kufuta. Mtoto wao akanipungia mkono, nami nikampungia kwa brashi, povu likawafunika wote. "Kushoto! Umelala?" Nikaapa papo hapo angani kwamba kitu kile lazima nami nikipate.

Ndivyo nilivyofika kwa Waranti. Huyu anauza deki na televisheni katika duka dogo, katikati ya duka la dawa na fundi viatu. Wanamwita Waranti kwa sababu lolote utakalouliza atakujibu kuwa lina waranti, ile dhamana ya duka, hata ukimwuliza kama mvua itanyesha. Siku ya kwanza niliingia kuuliza tu. Akavuta kiti cha plastiki kutoka nyuma ya makasha, akakipangusa kwa kiganja, akaniambia nikae, kwa kuwa jambo hilo si la kuamua ukiwa umesimama. Akanipa chai kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Akanieleza mwekundu, akanieleza buluu. Nilipomaliza chai nikamwambia nitaamua kesho.

Kesho yake nikarudi na swali. Keshokutwa nikarudi na jingine. Umeme ukikatika katikati ya sinema, deki itakumbuka tulipoishia? Mende akiingia ndani kuota joto, je, waranti inamhesabu na mende? Hilo la mende lilimfanya Waranti acheke mpaka akaegemea rafu na makasha mawili yakaanguka. Akanibatiza jina. Nikitokeza tu mlangoni anapaza sauti, "Bwana Kesho huyo! Haya, leo ni kesho au bado?" Wateja wanacheka. Nami namjibu kwamba kesho haijafika, kalenda yao ndiyo imetangulia. Wateja wengine walianza kuniuliza mimi, nikawapa mwekundu na buluu mpaka wakatoa pochi, na Waranti akasema mdomo wangu unaweza kumuuzia samaki mwavuli. Alinisimulia habari za jino lake bovu na za mama mkwe wake, na kwamba haelewi lipi kati ya hayo mawili lilianza kumuuma. Nami nikamsimulia habari zenu. Goti la shemeji analijua vizuri, alikuwa akiliulizia hali kila Jumatatu.

Usidhani sikuwa na hela. Hela ilikuwepo tangu siku ile ya kwanza. Lakini nilikwisha kuligundua jambo moja, dada. Aliyenunua hana sababu ya kurudi dukani, na aliyekataa pia hana. Ni yule anayefikiria tu ndiye anayewekewa kiti. Kwa hiyo nikawa nafikiria. Sijawahi kufikiria hivyo maishani, ningefikiria hivyo shuleni leo ningekuwa daktari.

Kisha siku moja akaja mwenye duka, mama mmoja mwenye mashada ya funguo. Akauliza ni nani huyu anayekaa hapa kila jioni na kikombe chetu mkononi. Waranti akawahi kusema ni mteja, tena mteja mkubwa, yuko mbioni kununua. Mama akauliza mteja gani anafikiria tangu mvua zile mpaka mvua hizi, anachagua deki au mchumba? Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akamvuta Waranti pembeni, lakini masikio yangu ni mazuri, nikamsikia akimwambia kwamba duka si baraza, na kama Jumamosi itapita bila mtu huyu kununua, basi Waranti na kiti chake watatoka pamoja.

Siku iliyofuata Waranti hakuniita Bwana Kesho. Alinipa chai, akaniambia nisiwe na haraka, nifikirie nitakavyo. Lakini alikuwa anapanga makasha yale yale, anayapangua, anayapanga tena, jicho liko mlangoni. Hata kuniambia ukweli alishindwa, asije akaniumiza. Wewe unanijua, dada. Nina mdomo mkubwa, lakini sikuumbwa kumwona mtu anafukuzwa kazi kwa sababu ya makalio yangu.

Jumamosi nikavaa shati la pasi. Mwenye duka yupo. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa fundi viatu kwamba nifungiwe deki ya blurei, na televisheni bapa ile kubwa, na diski ya samaki juu yake, na bei sitaki kuulizwa. Mama alitabasamu kwa meno yote. Waranti akanitazama kama mtu aliyezimiwa taa. Akachukua kadi ya waranti na kalamu, akaniuliza jina. Nikadhani ni utani wetu, nikamjibu Bwana Kesho. Akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua uso, kwamba anataka lile la kwenye kitambulisho. Chai yote ile, na hatukuwahi kuulizana majina. Nikamtajia. Akaliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri, akaniambia, "Asante kwa kununua kwetu. Karibu tena." Mama alikuwa amesimama pale, angesema nini kingine? Nilipokuwa natoka, kwenye kile kiti palikuwa pameshawekwa kasha.

Sasa dada, nifike mahali ambapo nimekuwa napazunguka tangu juu ya karatasi hii. Wale rafiki zangu ninaokuandikia habari zao kila mara, wanaojaa chumbani kwangu mpaka wengine wanakalia ndoo, hawapo. Chumba hiki hakijawahi kuingia mtu isipokuwa fundi bomba, naye alitazama bomba. Yule rafiki anayecheka mpaka anaegemea ukuta ni Waranti, na ukuta ni rafu ya dukani. Wengine ni wateja wake, hata sura zao nimezisahau. Nilikuandikia vile ili ulale vizuri. Deki niliiunganisha siku ile ile. Picha ni safi ajabu. Akapita samaki mmoja mwenye mdomo kama wa msimamizi wangu, nikacheka, nikasema kwa sauti, "Waranti, hebu mwone huyu!" Nikasikia jinsi chumba kilivyo kimya. Tangu siku hiyo deki nimeifunika taulo. Na nikitoka kazini napita mtaa mwingine, nisije nikaonekana pale dukani nikadhaniwa nimekuja kurudisha mali.

Kwa hiyo jibu la shemeji ni hili: asiuze. Kwenu watoto wanagombania mkeka, yeye anaielezea sinema yote kwa makosa, na wewe unampigia mwigizaji kelele kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Hakuna mwanga wa buluu utakaoongeza kitu hapo. Deki ikifa yenyewe, ndipo mnunue. Na siku hiyo shemeji asifanye pupa. Aende dukani, akae, aulize, arudi tena.

Leo ni Jumamosi tena, na shati nimeshalipiga pasi. Tangu asubuhi natafuta swali la kumpelekea Waranti, hata yule mende nimemfikiria upya, lakini deki haina kasoro hata moja, inafanya kazi vizuri mpaka inaudhi. Basi naenda bila swali. Nitamwambia nimekuja kumwona, na kwamba akifunga duka aje kwangu tutazame samaki. Maneno hayo sijawahi kumwambia mtu yeyote katika mji huu. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo, na yanakataa kutoka bila utani. Labda atafurahi. Labda ataniambia karibu tena, kama mteja, nami nitakuwa nimejua.

Posta iko kabla ya dukani. Barua hii nitaitumbukiza nikiwa bado sijafika kwake, sijui lolote, kwa sababu najijua: nikisubiri mpaka nitoke pale, nitakuandikia kwamba mambo yalikuwa mazuri sana, hata kama hayakuwa.

Nisalimie shemeji na goti lake, na wapwa zangu, na yeyote atakayeniulizia. Uniandikie mapema, hata kama huna habari.

Ni mimi mdogo wako,
mtu wa juu.