Fathiya, Shahidi Wako Amegeuka

Mwaka umetimia, Fathiya, Mama Lulu wetu, tangu ulipofumba macho hapa Guangzhou, na chai ya jioni bado tunakutilia kikombe chako.

Ulikuwa daktari wa vifua vya watoto, lakini watoto wa wafanyabiashara wenzetu wa mtaa wa Guangyuan Xilu walikuita mama wa firimbi. Ulizichota kwenye mzigo wa vichezeo ambao kaka yako Dullah aliununua kwenye maduka ya Yide Lu. Mtoto apulize, wewe usikilize pumzi inakwama wapi. Dullah analalama, "Laoban, bosi wangu, sasa wateja wangu Dar watapuliza nini?" Unacheka, unachukua nyingine.

Hamu yako ilikuwa moja: madaktari wa fani yako wafuate mpango mmoja wa mafunzo na mtihani mmoja, anayefuzu hapa atambuliwe Dar, Nairobi na Kampala. "Kwani pumu ya Kampala na ya Unguja si ileile?" Mpango huo uliuandika na Ameir, uliyesoma naye hapa, mezani petu, akila biriani yako na kumwita Lulu mwanangu.

Tulipokuswalia kabla ya kukurudisha Unguja, imamu aliuliza tunakushuhudiaje. Ameir alimtangulia kila mtu. "Mwema! Na kazi yake naibeba mimi." Tulilia, tukazidi kumpenda.

Haukupita muda, kwenye kikao cha madaktari wa nchi zetu, akasimama akasema waliosoma Guangzhou waanze upya. Yeye cheti chake, cha Guangzhou hiyohiyo, kilikwishakubaliwa zamani. Wakampa uenyekiti. Mwanafunzi wako Mwanahija amerudi Unguja amefuzu, na haruhusiwi kutibu kama bingwa. Wazazi wanawavusha watoto hadi Dar kufuata matibabu anayoyaweza yeye. Alitupigia simu akilia.

Hatutapamba maneno, Mama Lulu. Tumesalitiwa, na aliyetusaliti amekula kwetu. Lulu bado anauliza mbona mjomba Ameir haji.

Kikao kinakaa tena mwezi ujao. Na wewe Ameir, tunajua utalisoma tangazo hili. Uliulizwa mbele ya jeneza lake, ukajibu bila kusita. Sasa utaulizwa habari ya kazi yake mbele ya wakubwa wenzako. Jibu vilevile.

Unakumbukwa na mumeo Sufian, binti yako Lulu, mama yako Bi Mwatima, kaka yako Dullah, na Mwanahija, ambaye bado anatembea na firimbi mfukoni mwa koti.

Daima tunakukumbuka, na ushahidi wetu sisi haujabadilika: mwema.