Kipande cha Ngozi Kilichokwenda Uppsala

Masumbwe, 4 Machi 1984

Mwanangu Eufrasia,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, mama yako amepona kifua. Wasiwasi wetu ni wewe na baridi ya huko. Mkononi mwangu, pale daktari alipokata kile kipande cha ngozi ulichoondoka nacho kwa utafiti wako, pameshapona. Lakini shangazi yako Mektilda hanipi nafasi. Anasema mtu huzikwa akiwa kamili. "Utalala Masumbwe, ngozi yako iko Ulaya?" Ukoo unataka irudi. Umeona nini humo? Niambie kabla sijaamua.

Baba yako,
Theonest

Uppsala, 2 Aprili 1984

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, masomo yanakwenda. Ngozi imeundwa kwa chembe hai ndogo, zisizoonekana kwa macho matupu. Ndani ya kila chembe mna nyuzi za protini zinazoishikilia, kama fito na kamba za nyumba. Ila chembe huzibomoa na kuzijenga upya kila mara, ndiyo maana inaweza kusogea na kujigawa. Katika chembe za mdogo wangu Donatus, ambaye naye alinipa kipande cha ngozi, nyuzi ni nyembamba na hubadilika upesi. Zako nyingi ni nene, zimeshikana matita. Chembe zako zimetanda, zinasogea polepole, na baadhi zimeacha kujigawa. Sijui bado kama hiyo ndiyo sababu ya maumivu ya magoti yako.

Kipande chenyewe hakipo tena. Chembe zake zimezaa nyingine, nazo nyingine. Ukisema zirudi, nitazileta zote, na kazi yangu ya miaka miwili itaishia hapo. Sitakulaumu, mwili ni wako.

Binti yako,
Eufrasia

Masumbwe, 19 Juni 1984

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, pamba ndiyo imenichelewesha. Barua yako niliisoma mbele ya ukoo. Mektilda akauliza, "Zinazaana?" Nikasema ndiyo. "Kwa hiyo kimeondoka kimoja, kitarudi kijiji kizima?" Kisha akasema, "Wajukuu waliozaliwa ugenini hatuendi kuwadai. Waache huko." Hakuna aliyembishia.

Nina jingine. Miaka mitatu sijamsalimu jirani yetu Kamili. Nilishikilia kwamba ndiye aliyeniroga magoti. Wewe mwenye vyombo vya kuangalia unasema hujui sababu. Mimi nisiye na chombo nilishamhukumu. Jumapili nilikwenda kwake kuomba radhi. Akanipa kiti, akaniuliza, "Umekuja kwa magoti hayohayo?" Tukacheka. Jana tulibeba pamba pamoja hadi ghala la ushirika.

Nakushukuru, mwanangu. Maliza kazi yako. Kamili anakusalimu, anauliza kama unahitaji na ngozi yake.

Baba yako,
Theonest