Samli ya Mama Limi kwenye mashine mpya

Laurian, Biharamulo nzima hakuna mashine inayonishinda. Si unajua ule mnyororo wa juu pale kiwandani unaobeba majembe kwenda kwenye rangi nilikuwa naupaka grisi kila asubuhi?

Wameufungia mota mpya. Leo meneja alikuwa achague msimamizi wake, na nafasi ilikuwa yangu!

Fundi akasema hii haipakwi chochote. Gurudumu la mpira linakamata chuma cha mnyororo na kusukuma, basi. CHOCHOTE! Nikaionea huruma. Stoo ya grisi imefungwa, nikaomba samli kwa Mama Limi wa jikoni, nikalipaka gurudumu lote.

Meneja akawasha. Gurudumu linazunguka kama liko ngomani, majembe yametulia tuli, yananing'inia yanatutazama 😭😭

Fundi akapanda ngazi, akanusa. "Mbona inanukia pilau?"

PILAU, Laurian!

Nikakunja uso kisimamizi: "Meneja, aliyefanya hivi afukuzwe leo leo."

"Kabisa," akasema meneja.

Hapo Mama Limi akatokea. Nikawahi kumwamkia, "Shikamoo mama!" Anaitazama mota tu.

"We Jeremia, uliniambia samli ni ya kumchua mgonjwa. Ndiye huyu?"