Bichi Itabaki Bichi

Kwa Baba mpendwa,

Usishtuke ukiambiwa mwandiko huu umepinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa plasta tangu vidoleni hadi juu ya kiwiko, na sababu yake utaifikia. Kwanza nijulishe hali yenu. Goti lako linaendeleaje msimu huu wa mvua? Kifua cha Mama kimetulia, ama bado anakohoa kwa moshi wa kubanikia samaki? Na gugumaji limesogea hata kidogo, ama bado mashua zinakwama humo kama nzi ndani ya uji? Mimi, ukiuacha mkono, ni mzima. Nakula, nalala, nafua mashuka ya wageni hotelini, na hasira niliyoondoka nayo nyumbani haijapoa.

Naandika kwa Kiswahili kwa kusudi. Nataka barua hii isomwe kwa sauti siku ya mkutano, mbele ya wavuvi wote, Wajaluo, Waluhya na Wasuba, na mbele ya vijana wa Mheshimiwa pia, asiwepo wa kusema hakuelewa.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kwamba Mheshimiwa anautaka ufuo wetu wote, kutoka kwenye mawe ya kufulia mpaka mabanda ya nyavu, ajenge hoteli. Kwamba vijana wake walikuja mchana kweupe na mashoka, wakazipasua mashua zikiwa zimeegeshwa, na fundi wa mashua alipojitupa mbele yao wakampasua naye kichwa. Kwamba mdogo wangu Odhiambo hasemi na mtu siku hizi, yuko nyuma ya nyumba analinoa lile panga la kukatia miwa alilorudi nalo kutoka Muhoroni. Na kwamba wewe, kwa kuwa ndiwe mwenyekiti wa bichi, ndiwe utakayetoa neno la mwisho. Maneno yake umeninukulia: "Wazee wangu, naapa, bichi itabaki bichi. Tena itakuwa bora kuliko hii. Hata hili gugu nitaling'oa kwa mashine." Kisha ukaniuliza: "Mwanangu, wewe unaishi kwenye kisiwa kinachosifiwa dunia nzima kwa bichi zake. Nenda ukazione zile zilizo bora, uniambie nimjibu nini. Nimechoka kuosha damu ya watu."

Nilikwenda, Baba. Siku yetu ya mapumziko nilikwenda na Wafula, yule kijana aliyekuwa akiuza mitumba soko la Kibuye karibu na meza ya Mama, ambaye sasa tunafua naye mashuka. Kisiwa chenyewe ni kidogo. Ukitoka asubuhi kwa miguu unaweza kukizunguka nusu yake kabla jua halijakupiga utosini.

Bichi ya kwanza ina mchanga mwekundu kama udongo wa mfinyanzi. Hapo nilifanya kosa ambalo ni mtu wa ziwa pekee anayeweza kulifanya. Niliingia majini hadi magotini, nikachota kwa viganja, nikasukutua, nikameza, kama tufanyavyo sote tukifika majini. Chumvi ilinikaba koo, nikatapika mbele ya watu. Wafula alicheka mpaka akaketi.

"Msomi mzima! Huko chuo kikuu hawakuwaambia kwamba bahari ni mchuzi?"

"Nyamaza wewe. Samaki wanapakuliwa wapi hapa?"

"Samaki gani?"

"Si ni bichi hii?"

Alinitazama, akaacha kucheka. "Bwana Otieno," akasema, "angalia vizuri. Unamwona mtu yeyote aliyevaa nguo za kazi?"

Nikaangalia. Watu mamia walikuwa wamelala kifudifudi, wamejipaka mafuta, uchi isipokuwa kipande cha kitambaa. Hapakuwa na wavu wala mizani. Hapakuwa na mama hata mmoja mwenye beseni kichwani akimtukana mvuvi kwa kumletea mbuta aliyelegea. Ndipo nilipoelewa kwa nini msimamizi wetu wa dobi aliniacha katikati ya mazungumzo wiki ile ya kwanza. Nilimwambia kwa majivuno kwamba nimezaliwa bichi. Akaniuliza kwa wivu, "Mchanga wake ni mweupe?" Nikajibu, "Sijui, umefunikwa na magamba ya samaki." Akauliza, "Na hewa yake?" Nikamwambia, "Nzuri sana, inanukia omena walioanikwa." Akageuka, akaenda zake.

Baba, neno hilo moja wanalisema wao na tunalisema sisi, lakini hatusemi kitu kimoja. Kwetu mtu akisema anakwenda bichi, anakwenda kazini. Huku anayekwenda bichi anaikimbia kazi. Lishike neno hilo, nitalirudia.

Bichi ya pili iko kati ya majabali mawili. Sitakudanganya: ni nzuri. Maji yake yanaonyesha kila jiwe la chini. Kwenye njia ya kuingilia wameweka mashua ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu na buluu. Nikaikimbilia kama mtu aliyemwona jamaa yake ugenini. Nikaikuta imejazwa udongo mpaka juu, na imepandwa maua.

"Wameizika," akasema Wafula kwa sauti ya chini. "Wameizika ikiwa imesimama."

Ya tatu ndiyo inayosifiwa kupita zote. Uzio wa chuma unashuka mpaka ndani ya maji, na mlangoni wamesimama walinzi wenye fimbo za chuma. Sisi tuliingia kwa mlango wa watumishi, kwa kuwa tulivaa sare za dobi makusudi ili tupite. Kuna mtu pale ambaye kazi yake ni kuusawazisha mchanga kwa reki. Mgeni akipita, yeye hupita nyuma yake na kufuta nyayo zake, mchanga ukae kama shuka lililopigwa pasi.

Upepo ulikuwa umechafuka. Tukaiona mashua ndogo inakuja, inapanda na kushuka, ndani yake mzee mmoja anayepiga makasia kwa nguvu za mwisho. Alikuwa mvuvi wa kisiwa hiki hiki, jina lake Salvu. Mawimbi yalikuwa yakimtupa kwenye majabali, na mahali pekee pa kuegesha palikuwa pale mchangani. Walinzi wawili wakaingia majini. Nikadhani wanakwenda kumpokea. Baba, walichukua miti mirefu wakaisukuma mashua irudi baharini! Mzee alipiga kelele, wakasukuma tena, mashua ikapinduka juu yake. Wageni waliinua vichwa. Mmoja akainua kamera.

Mimi nayajua macho ya wale walinzi. Niliyaona chini ya kofia za chuma siku askari walipoingia mabwenini kwetu, wakatupiga kwa marungu hadi ngazi zikateleza kwa damu, siku iliyonitoa chuoni na kisha nchini. Sikungoja. Tuliingia majini mimi na Wafula, tukamvuta mzee kwa shati. Tulipomfikisha mchangani, mlinzi mmoja akamfuata akampiga na mti wake mgongoni, akiwa amelala, akiwa anatapika maji. Niliokota kasia lake nikampiga nalo yule mlinzi mdomoni. Nilisikia meno. Akaanguka, akainuka, nikampiga kichwa puani. Mwenzake akaja na fimbo ya chuma kutoka pembeni, nikaukinga uso kwa mkono wa kulia, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Walinipiga mateke mbavuni mpaka Wafula akawatupia mchanga machoni, akanikokota. Walitutupa sote watatu nje ya uzio. Mashua ya mzee, iliyotupwa mchangani na mawimbi, waliipasua kwa shoka mbele ya macho yake, pale pale.

Nikiwa nimelala nje, shavu juu ya jiwe, nilitazama ndani kupitia uzio. Yule mtu wa reki alikuja. Akaivuta reki yake mara chache juu ya damu yangu na damu ya mlinzi na vibanzi vya mashua. Damu ya usoni kwangu ilikuwa haijakauka, na mchanga tayari ulikuwa shuka lililopigwa pasi. Wageni wakalala tena.

Mzee Salvu aliketi kando yangu akikamua shati lake. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu na Kiitaliano cha kuokoteza, ufuo huu ulikuwa wa nani zamani. Akasema ulikuwa wao. Baba yake aliegesha hapo, na babu yake. Mwenye hoteli alikuja akawakusanya, na baba yake ndiye aliyekubali kwa niaba ya wote.

"Aliwadanganya?" nikauliza.

Mzee akatikisa kichwa. "Aliapa kwamba bichi itabaki bichi. Tazama. Hakudanganya."

Baba, sikuona maumivu ya mkono kwa muda. Nilikuona wewe umesimama mbele ya watu.

Sasa sikieni, nyote mnaosomewa. Mheshimiwa hakuwadanganya, na hilo ndilo la kutisha. Amewaahidi kile kile anachokitaka. Atawapa bichi, atawanyima mahali pa kuegesha. Atang'oa gugumaji, na baada yake atawang'oa ninyi, kwa mashine ile ile. Mtaajiriwa, ndiyo: mmoja wenu atapewa reki.

Kwa hiyo, Baba, jibu langu ni hapana. Lakini usiliseme kwa Kiingereza wala kwa neno lake. Akisema "bichi", wewe sema *wath*, kwa Kijaluo chetu, kama alivyosema babu: mahali mashua inapofika. Mwambie mbele ya watu: "Mheshimiwa, sema kwa kinywa chako kwamba *wath* itabaki *wath*. Sema mbuta atapakuliwa wapi. Sema mke wangu atasimama wapi na beseni lake." Mngojeeni ajibu. Hataweza.

Na wewe, Odhiambo, najua ndiwe unayesoma, kwa sababu macho ya Baba hayaoni tena maandishi. Usiruke mstari huu. Mimi nimevunja meno ya mtu, na nilifurahi, na meno yale hayakumrudishia Mzee Salvu ubao mmoja wa mashua yake. Panga lako sikuambii ulitupe. Wakija na nguzo zao za uzio, kateni nguzo, mchana, wote pamoja, akina mama mbele. Nguzo haina mama wa kuililia. Yule kijana wa shoka anaye mama, tena huenda hununua omena kwa mama yetu. Na wewe unaye. Damu yako wataisawazisha kwa reki kabla sijapata habari.

Mnisalimie nyanya yangu, mwambieni bado navaa sweta lake. Salamu kwa fundi wa mashua, kidonda kipone. Kwa shangazi wa Nyamasaria. Na kwa akina mama wote wa samaki, wenye midomo mikali kuliko chumvi ya huku. Wafula anaomba mpite Kibuye kumwambia dada yake kwamba yu hai, ila viatu vyake vimebaki baharini.

Mama, usilie. Mfupa utaunga. Nikirudi nitakuja kwa maji, na nitashuka pale pale ufuoni unaposimama na beseni lako. Pawepo.

Mwanao, kwa mkono uliobaki,
Otieno