Nyasi za Bondeni na Kondoo Kumi na Mmoja

Kaka Projestus, shikamoo.

Kondoo kumi na mmoja wamekufa, kati ya thelathini na wanne, ndani ya siku tatu za wiki iliyofuata Pasaka. Saba walikuwa majike, na wanne kati ya hao walikuwa na mimba. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na habari za huku utasema sikuwa na la kusema. Mama anaendeleaje na goti? Na wewe, kifua kimepoa? Mimi ni mzima. Huku Uganda mvua imenyesha vizuri.

Tangu nirudi huku nimekupigia simu mara saba. Mara saba shemeji amepokea akasema uko kibanjani, kwenye migomba yako. Basi soma.

Nianze na haki yako. Viwavijeshi walipoingia malishoni kwetu nyumbani Mabira, wewe ndiye uliyewaona, wakiwa bado wadogo. Ulichukua bomba na dawa ya wadudu wa kahawa ukapuliza upande wote wa bondeni, wakafa. Ukanipigia, nikakwambia kondoo wasiingie huko siku kumi na nne. Ukawafungia zizini. Hadi hapo sina neno.

Siku ya tano ukaita watu wakate nyasi za bondeni kuleule, za kutandaza kwenye migomba. Mizigo arobaini, mama aliihesabu. Mvua ikawakuta njiani, wakaibwaga kando ya zizi, wakaenda zao. Kondoo wana njaa ya kufungiwa. Wakapenyeza vichwa kati ya miti ya ua, wakavuta. Uliwazuia wasiende malishoni, kaka, kisha ukawaletea malisho mlangoni. Kulipokucha walikuwa wanatoka mate na kutetemeka.

Na mimi nina fungu langu. Nilisema kondoo wasiingie. Sikusema nyasi zisitoke. Huku tukishapuliza dawa hakuna anayekata hata jani, nikasahau kwamba kwetu nyasi ni za migomba kwanza. Hilo nalibeba.

Nilipovuka mpaka pale Murongo kuja kuona, nilimkuta jirani yetu anamlalamikia mama: "Nyama yote hii izikwe kama watu?" Mama akamwambia, "Chukua paja, baba. Ila mpitie kwanza fundi wa majeneza." Tukazika wote.

Kisha nikakuomba tutembee malishoni. Nilipiga hatua mia moja, nikiangalia kila mguu umekanyaga nini. Mara thelathini na nane ulikanyaga lile gugu la miba lenye maua ya njano na mekundu. Mara ishirini na saba udongo mtupu. Nyasi, mara thelathini na tano tu. Ukacheka mbele za watu: "Waganda wamekufundisha kuhesabu mpaka majani?" Nikasema ndiyo, na wananilipa kwa hilo. Ukanijibu, "Kibanja ndicho kilichokusomesha. Baba amelala humo. Hao kondoo wako wamemsomesha nani?"

Neno hilo halijanitoka. Kibanja cha baba sikidharau, na darasa la saba nililonalo nalishukuru. Ndilo nililokuja nalo huku, nikaanza kwa kubeba maji ya mifugo. Huu ni mwaka wa tisa, na malisho ya kondoo mia nne yako chini yangu. Wanane wa kwanza niliwaleta nyumbani kwa jasho hilo, tukakubaliana kila mwanakondoo wa tatu ni wako. Kati ya kumi na mmoja tuliowazika, watatu walikuwa wako. Sikukuona ukiwahesabu.

Sikiliza, kaka. Nyasi zikikatwa mpaka udongo kila mwaka, linalobaki ni gugu, kwa kuwa hilo hakuna anayelihitaji kibanjani. Kondoo akikosa nyasi atalila, na majani yake ni sumu. Kwa hiyo waliobaki ishirini na watatu wako hatarini hata bila viwavi wala dawa.

Ninachotaka ni hiki. Gugu ling'olewe na mizizi sasa, udongo ukiwa laini, kabla halijatoa mbegu. Ukilifyeka linachipua upya, na yaliyofyekwa yakiachwa yanyauke malishoni, kondoo watayala. Malisho tuyagawe mara nne, sehemu moja iliwe, tatu zipumzike. Na nyasi za malishoni zisikatwe tena kwa ajili ya kibanja. Tandaza mabua ya mahindi na maganda ya maharage. Yasipotosha, nitakuja mwenyewe kukata nyasi za mlimani, wiki mbili nzima, bila kufungua mdomo.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya goti nimempa huyu mleta barua. Msalimie shemeji, sina kinyongo naye, najua anatumwa. Watoto wote uwashike vichwa kwa niaba yangu. Dada yetu wa Nyaishozi nimeshamwandikia. Yeye na mumewe, shemeji yetu, wana nafasi ya kondoo ishirini na watatu.

Erasto wa bodaboda, aliyekuletea barua hii, atapita kwako tena Jumamosi saa sita mchana. Sihitaji barua ndefu. Nyasi za malishoni utaacha kuzikata: ndiyo au hapana? Akirudi mikono mitupu nitajua ni hapana, na Jumapili baada ya misa shemeji wa Nyaishozi atakuja kuwaswaga wote, na wa kwako wakiwemo.

Mdogo wako,
Novatus